Kusoma Mwamba Uliopinda na Uliopasuka: Mwongozo Kamili wa Kwenda Nao Mlimani

Kando ya Mto Morogoro, pale maji yanapoteremka kutoka milima ya Uluguru, kuna mwamba ambao kila nikipita na wanafunzi huwa nawaketisha mbele yake kabla sijasema neno. Ni naisi, aina ya jiwe lenye mistari myeupe na myeusi iliyopangana kama mkeka. Ukisogeza uso karibu utaona mstari mmoja mweusi, unene wake kama kidole gumba, umekatika vipande vipande mfano wa shanga zilizoachana kwenye uzi. Mistari meupe iliyo juu na chini yake haikukatika hata kidogo. Imebonyea na kujaa katikati ya kila shanga, kama ugali laini unavyopenya kati ya vidole.

Mawe mawili, mahali pamoja, nguvu ile ile. Moja limekatika, jingine limetiririka. Ukiweza kueleza kwa nini, utaweza kusoma karibu mwamba wowote utakaokutana nao, iwe kwenye kingo za Bonde la Ufa au kwenye kilima kilichochongwa kupitisha barabara. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa jiografia, mwanafunzi, mwongoza watalii, mchimba visima na yeyote anayetaka kusimama mbele ya jiwe akajua limepitia nini. Huhitaji maabara. Vifaa vingi utaviazima kwa fundi mwashi.

## Anzia jikoni

Kabla ya kupanda mlima, fanya majaribio haya manne nyumbani. Usiyaruke, kwa sababu kila nitakachokuambia baadaye utakuwa umeshakiona kwa macho yako.

La kwanza ni kashata. Pika kashata za njugu, na zikiwa bado za moto kwenye sinia chukua kipande ukipinde. Kitapinda. Acha kingine kipoe kabisa, kisha kipinde vivyo hivyo. Kitakatika kwa mlio. Sukari ni ile ile na njugu ni zile zile. Kilichobadilika ni joto.

La pili ni donge la chapati lililokandwa vizuri na kupumzishwa. Livute polepole, litarefuka hadi liwe kamba. Livute kwa ghafla, litakatika. Hapa joto halikubadilika, umebadilisha kasi tu.

La tatu ni rula ya plastiki. Ipinde kidogo uiachie, itarudi ilivyokuwa. Miamba nayo hufanya hivyo: ikisukumwa kidogo hunepa, na nguvu ikiondoka hurudi. Sasa ipinde rula hadi ivunjike (funga macho au vaa miwani). Vile vipande viwili vilivyoruka na kunyooka ghafla ndivyo tetemeko la ardhi linavyotokea. Harry Fielding Reid wa Marekani alilieleza jambo hili baada ya tetemeko la San Francisco la 1906: ardhi ilikuwa imenepa kwa miaka mingi pande zote mbili za ufa, na siku ufa ulipoteleza pande hizo zikajinyoosha kwa mkupuo mmoja.

La nne ndilo ninalolipenda zaidi, kwa hiyo nalieleza kwa urefu. Tafuta chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye pembe nne, urefu wa sentimita 30 hivi. Kata kipande cha ubao kinachoingia ndani yake kwa upana kamili, ukisimamishe karibu na ncha moja. Katika upande mkubwa uliobaki tandaza sembe kavu unene wa sentimita moja. Juu yake nyunyiza kahawa ya unga au mkaa uliosagwa, safu nyembamba tu, kisha sembe tena, mpaka upate tabaka nne au tano. Shindilia kidogo kwa kiganja.

Sasa sukuma ubao polepole kuelekea kwenye unga, huku ukitazama ubavuni. Mwanzo hakuna kinachoonekana. Unga unajibana tu. Halafu mstari wa mshazari unajitokeza, na tabaka za upande wa ubao zinaanza kupanda juu ya zile za mbele. Ukiendelea kusukuma, mstari wa pili unazaliwa mbele ya ule wa kwanza. Mistari hii imelala, inafanya pembe ya digrii 30 hivi na sakafu ya chombo. Panga unga upya, na safari hii vuta ubao kuelekea nje. Kipande cha unga kitateremka kwenye mteremko mkali, digrii 60 hivi.

Pembe hizo mbili zishike kichwani, maana utakutana nazo mlimani. Mwanajiolojia Mskoti Ernest Masson Anderson alizieleza mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu na uso wa ardhi, alisema, mwamba unabanwa kutoka pande tatu: juu kwa uzito wa mawe yenyewe, na kando kwa njia mbili zinazokingamana. Uzito ukizidi zote, kipande huteremka na ardhi hupanuka, kama kwenye Bonde la Ufa. Uzito ukiwa mdogo kuliko zote, kipande hupanda juu ya kingine, kama kwenye safu ya Himalaya. Uzito ukiwa wa kati, pande mbili hupishana kwa kuteleza kando, na ufa wake husimama karibu wima, kama ule wa San Andreas kule California.

## Kinachoamua kama jiwe litakatika au litapinda

Joto umeshaliona kwenye kashata. Ndani ya ardhi huongezeka kwa takriban digrii 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita unayoshuka, na zaidi ya hapo karibu na volkano. Kwatzi, ile madini nyeupe yenye kung'aa kama glasi, huanza kutiririka polepole ikifika digrii 300 hivi. Feldispa, madini ambayo ndiyo sehemu kubwa ya graniti, hukaza hadi kama digrii 450. Kwa hiyo kwenye ganda la kawaida la dunia, miamba hupasuka hadi kina cha kilomita 10 hadi 15, na chini ya hapo huanza kutiririka ingali mawe magumu, bila kuyeyuka. Hili la kutoyeyuka watu wengi hulikosea. Lava ni jambo jingine kabisa.

Kina nacho huleta mbano. Kila kilomita ya mwamba iliyo juu huongeza takriban kilo 270 kwa kila sentimita ya mraba. Jiwe lililobanwa hivyo pande zote haliwezi kufungua ufa kirahisi, kwa sababu ufa wowote unaojaribu kufunguka unafinywa ufungike.

Halafu kasi. Bonde la Ufa la mashariki linapanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka, kiasi ambacho ukucha wako hukua kwa mwezi mmoja au miwili. Mwamba wa moto ukivutwa kwa mwendo huo kwa miaka milioni nyingi una muda wote wa kurefuka kama donge lako la chapati.

Maji yanayokaa kwenye nyufa husukuma kuta zake nje na kurahisisha kuteleza, na yakiingia ndani ya fuwele za kwatzi huzilainisha.

Aina ya jiwe ndiyo ya mwisho, nayo ndiyo jibu la shanga za Morogoro. Ule mstari mweupe una kwatzi nyingi na feldispa. Mweusi umejaa amfiboli, madini ngumu zaidi. Miaka zaidi ya milioni 500 iliyopita, wakati vipande vya mabara vilipogongana na kuunda bara kubwa la Gondwana, vyote viwili vilikuwa chini sana na katika joto kali. Mweupe ulikuwa umeshafika mahali pa kutiririka. Mweusi ulikuwa bado mkaidi, ukavutwa ukakatika, na mweupe ukaja kujaza mapengo.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa kwingine havilitilii mkazo. Sehemu za ganda la Afrika Mashariki ni za zamani sana, zimepoa na kukauka, kwa hiyo hupasuka hata kwenye kina ambacho kwingine miamba ingekuwa inatiririka. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilianzia kina cha kilomita 40 hivi. Ukisoma mahali kwamba chini ya kilomita 15 hakuna tetemeko, kumbuka Bukoba.

## Vya kubeba

Beba dira ya kawaida, pima maji ndogo ya fundi, kipimapembe cha shule, uzi wenye kijiwe kidogo ncha moja (yaani timazi), ubao mwembamba wa ukubwa wa daftari, chaki, futi ya kupimia, chupa ya maji, kioo cha kukuzia ukiwa nacho, daftari na penseli. Nyundo si lazima. Ukiwa nayo, vaa miwani ya kukinga macho, wala usiitoe ndani ya hifadhi za taifa, ambako kuvunja au kuchukua jiwe ni kosa. Kokote kwingine, piga hodi kwanza kwa mwenye shamba au ofisi ya kijiji.

Usisimame chini ya jiwe linaloning'inia, na usiende kwenye kilima kilichochongwa mara tu baada ya mvua kubwa. Kando ya barabara teua mtu mmoja wa kutazama magari, asiwe na kazi nyingine.

## Hatua ya kwanza: simama mbali

Kosa la wengi ni kukimbilia jiwe na kuanza kupima. Rudi nyuma hadi uone ukuta wote. Chora umbo lake kwa dakika kumi, mistari mikubwa tu, na ndani ya mchoro weka kitu cha kuonyesha ukubwa, mtu au chupa. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu simu huchukua kila kitu sawasawa, wakati mkono unaochora unalazimika kuamua kipi ni tabaka, kipi ni ufa na kipi ni kivuli.

## Hatua ya pili: tafuta kilichokuwa kimenyooka

Huwezi kusema kitu kimepinda kama hujui kilikuwaje mwanzo. Nicolas Steno aliandika mwaka 1669 kwamba matabaka ya mchanga na tope hutandazwa yakiwa yamelala. Vivyo hivyo majivu ya volkano yakitua ziwani, na kwa kiasi kikubwa lava nyepesi inapotandaa uwandani. Ukiyakuta yameinama digrii 40, kuna kilichoyainamisha. Jihadhari na majivu yaliyotua juu ya mteremko na mchanga uliorundikwa na upepo, maana hivyo huzaliwa vikiwa vimeinama.

Kwenye naisi, mistari unayoiona mara nyingi si matabaka ya mwanzo. Ni mpangilio uliotokea wakati wa kubanwa na kutiririka. Iandike daftarini kama "mistari", usiiite "tabaka".

## Hatua ya tatu: pambanua nyufa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo makosa makubwa hutokea. Nyufa zina asili tofauti, na nyingi hazihusiani kabisa na kusukumana kwa mabamba ya dunia, yaani vile vipande vikubwa vya ganda lake.

Nenda Hell's Gate, Naivasha, utakuta kuta zenye nguzo ndefu zilizosimama sambamba, nyingine zenye pande tano au sita. Nyufa zinazotenganisha nguzo hizo zilitokana na mwamba wa moto kupoa na kusinyaa, kama tope linavyochanika likikauka. Nenda Mwanza uone mawe yaliyobebana juu ya Ziwa Victoria. Graniti ile ilizaliwa chini sana. Mzigo uliokuwa juu yake ulipomomonyoka ikapumua, ikachanika, na maji ya mvua yakala zile nyufa hadi vipande vikawa vya mviringo. Aina hizi mbili ziandike, kisha ziweke kando.

Zinazobaki ni nne.

Ufa usioteleza: pande zake mbili zinalingana na hakuna upande uliohama. Nyufa hizi huja kwa makundi, zikiwa sambamba kama mistari ya daftari. Pima umbali kati ya ufa na ufa. Wachimba visima huzipenda, kwa sababu kwenye mwamba mgumu maji hukaa humo.

Mshipa: ufa uliofunguka ukajazwa madini, mara nyingi kwatzi au kalsaiti nyeupe. Mshipa ni shahidi mzuri, kwa kuwa ufa hufunguka kuelekea upande wenye mbano mdogo kuliko pande zote. Mshipa unaosimama wima na kwenda kaskazini-kusini unasema ardhi ilivutwa mashariki-magharibi. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na kwingineko kusini mwa Ziwa Victoria, wachimbaji wadogo huifuata mishipa ya kwatzi kwa ustadi mkubwa. Nimewaona wakikadiria mwinamo kwa kiganja tu.

Ukuta wa lava: ufa uliojazwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikaganda humo. Kingo zake huwa na chembe ndogo kuliko katikati, kwa sababu ziligusana na mwamba baridi zikapoa haraka. Mwezi Julai 2007 ukuta wa namna hii ulijipenyeza chini ya ardhi karibu na mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania. Matetemeko yake, kubwa likiwa la 5.9 tarehe 17 Julai, yaliwafanya watu wa Nairobi watoke mbio kwenye majengo. Ardhi ilichanika hadi juu, na volkano ya Ol Doinyo Lengai iliyo jirani ikalipuka kwa nguvu miezi michache baadaye.

Ufa ulioteleza: tabaka la upande mmoja halikutani tena na mwenzake wa upande wa pili. Ushahidi wa lazima ni huo. Pasipo kitu kilichokatwa kikahama, usiandike kwamba ufa umeteleza.

Kanuni hiyo ingetupunguzia kelele nyingi mwaka 2018. Mwezi Machi, baada ya mvua kubwa, korongo refu lilifunguka karibu na Mai Mahiu, Kenya, na kuikata barabara ya Narok, na picha zikazunguka duniani zikisema Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Wanajiolojia wengi waliokagua waliona mmomonyoko: maji yaliyopita chini kwa chini yakazoa majivu laini ya volkano hadi paa likaporomoka. Huenda maji yalifuata udhaifu wa zamani ulio chini, na hilo lina mjadala wake. Lakini wewe ukisimama pale, jiulize maswali ya mwongozo huu. Je, tabaka za kushoto zimeshuka kuliko za kulia? Je, kuta zina uso laini wenye mikwaruzo, au zimebomoka ovyo? Je, korongo linapindapinda kufuata njia ya maji? Naamini mtu yeyote aliyefundishwa maswali hayo matatu hatishwi na picha.

## Hatua ya nne: pima mwelekeo na mwinamo

Kila uso bapa, uwe wa tabaka au wa ufa, unahitaji vipimo viwili.

Laza ubao wako juu ya uso huo. Weka pima maji juu ya ubao uizungushe hadi kipovu kikae katikati. Chora mstari wa chaki kando yake: huo ni mstari uliolala sawa. Soma kwa dira unaelekea wapi, huo ndio mwelekeo. Kisha mwaga maji kidogo. Yatateremka kwa kukingamana na mstari wa chaki, na upande yanakokwenda ndio uso unakoinamia.

Kupima mwinamo, shika kipimapembe ubavuni mwa ubao, upande ulionyooka ukiwa sambamba na ukingo wa ubao unaofuata njia ya maji, upinde wake ukitazama chini. Uzi wa timazi uning'inie kutoka kitovu cha kipimapembe. Kwenye uso uliolala uzi utapita kwenye 90. Tofauti kati ya 90 na namba unayoiona ndiyo mwinamo. Uzi ukipita kwenye 32, mwinamo ni digrii 58.

Andika hivi: "Ufa, mwelekeo 010, mwinamo 58 mashariki." Rudia kwenye nyufa kumi au zaidi za kundi lile lile, kwa kuwa kipimo kimoja kinaweza kudanganya. Na usiweke dira juu ya basalti (lava nyeusi iliyoganda) wala karibu na nyundo, kwani chuma kilicho ndani yake huivuta sindano. Ishike usawa wa kiuno, uitazamishe mstari kutoka juu. Dira ya simu hupotea haraka zaidi, ndiyo maana mimi nabeba ya sindano.

## Hatua ya tano: ni upande gani uliohama?

Ufa ulioteleza mara nyingi umeinama, kwa hiyo una kipande kilicho juu yake na kipande kilicho chini yake. Jifikirie umesimama ndani ya ufa: unachokanyaga ni ukuta wa chini, kinachoning'inia kichwani ni ukuta wa juu. Tafuta tabaka moja unaloweza kulitambua pande zote mbili. Ukuta wa juu ukiwa umeshuka, ardhi ilivutwa. Ukiwa umepanda, ardhi ilibanwa. Rudisha mawazo kwenye chombo cha sembe, ni yale yale.

Bahati ikikuangukia, utakuta uso wa ufa uko wazi, umesuguliwa hadi unang'aa, na una mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja. Mikwaruzo hiyo ni njia ya mteleko. Ikiwa inashuka na mteremko, kipande kilipanda au kushuka. Ikiwa imelala, vipande vilipishana kando. Sasa pitisha kiganja polepole kufuata mikwaruzo, kwenda na kurudi. Upande mmoja mkono utateleza, upande mwingine utakwama kwenye vingazi vidogo. Kwenye nyuso zenye nyuzi za madini, mkono unakoteleza ndiko kilikokwenda kile kipande ambacho hakipo tena. Jaribu sehemu kadhaa za uso huo kabla hujaandika.

Ukitaka mahali pa kujifunzia, shuka barabara ya Nairobi kwenda Magadi. Lava ya umri wa takriban miaka milioni moja imekatwakatwa na nyufa nyingi zilizoteleza, zote zikielekea karibu kaskazini-kusini, na ardhi imekaa ngazi ngazi. Kila ngazi ni kipande kilichoteremka.

## Hatua ya sita: soma makunjo

Penye kunjo, angalia kwanza unene wa tabaka. Tabaka lenye unene ule ule mgongoni na mbavuni lilipinda kama kurasa za daftari, tabaka zikiteleza juu ya nyingine. Likiwa nene mgongoni na jembamba mbavuni, jiwe lilitiririka, na hapo ujue kulikuwa na joto.

Kisha laza penseli juu ya mgongo wa kunjo, pale lilipopinda zaidi. Pima penseli inaelekea wapi na imeinama kiasi gani. Kwa makunjo ya kawaida, mbano ulitoka kwa kukingamana na penseli. Kwenye naisi iliyotiririka sana usifanye haraka kutoa hukumu hiyo: mtiririko mrefu huweza kuyazungusha makunjo hadi penseli ielekee upande uleule jiwe lilikovutwa. Ukiona shanga kama zile za Morogoro, pima pia mstari wa shanga zenyewe. Upande zilikoachana ndiko jiwe lilikovutwa.

## Hatua ya saba: panga matukio

Kilichokatwa ni kikubwa kwa umri kuliko kilichokikata. Kanuni ni hiyo moja, na inatosha.

Tuitumie kwenye ukingo wa Elgeyo nchini Kenya, kwenye barabara inayotoka Iten, iliyo juu kama mita 2,400, kuteremka kupitia Tambach hadi bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini. Sehemu za chini za ukingo utakuta naisi yenye makunjo na mistari. Juu yake yamelala matabaka ya mchanga na tope la kale, na juu kabisa lava ngumu ya fonolaiti inayofanya ule mwamba mkali wa kileleni, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 10.

Anza kupanga. Naisi ilitiririka kwanza, chini sana. Matabaka yaliyo juu yake hayakukunjwa nayo, kwa hiyo yalikuja baadaye, na kabla hayajaja ilibidi kilomita nyingi za mwamba zimomonyoke ili naisi ifike juani. Lava ikafuata. Kisha ufa mkubwa ukakata vyote, lava ikiwemo, na upande wa mashariki ukateremka. Ufa unaelekea kaskazini-kusini na ukuta wa juu umeshuka: mvuto wa mashariki-magharibi. Chora mishale miwili inayoachana pembeni mwa mchoro wako.

Historia hiyo haijaisha. Tarehe 6 Januari 1928 ufa wa upande wa pili wa bonde, kwenye ukingo wa Laikipia karibu na Subukia, uliteleza kwa tetemeko la 6.9 na kuacha mpasuko wa zaidi ya kilomita 30 juu ya ardhi. Na mwaka 1910, tarehe 13 Desemba, eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la takriban 7.4. Ukisoma ukingo kama huu kijijini kwako, waambie jirani zako ulichokiona, hasa wanaotaka kujenga shule au zahanati chini ya ukuta wake.

## Hatua ya mwisho: linganisha mistari ya zamani na nyufa za sasa

Hatua hii wengi huiacha, nami ndiyo huningojesha mlimani hadi jua linazama. Mahali popote penye naisi na ufa wa Bonde la Ufa kwa pamoja, pima mwelekeo wa mistari ya naisi, kisha pima mwelekeo wa ufa. Ukitazama ramani utaona bonde la mashariki halikupita katikati ya graniti kongwe za Tanzania, zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Lilipozikaribia likazikwepa, likafuata ukanda wa naisi ulio kando yake. Sehemu nyingi nyufa za leo zimefuata mistari iliyochorwa wakati mwamba ulipokuwa ukitiririka, kama kuni inavyopasuka kufuata nyuzi zake. Sehemu nyingine zimeikata tu. Kwako ikoje? Chora mielekeo yote miwili kwenye ukurasa mmoja, ya naisi kwa penseli na ya ufa kwa wino, uandike pembe iliyo kati yake.